Rimu umeshanunua, sasa tairi gani likae hapo?

Safari hii meseji zenu karibu zote ni za tairi na rimu, nadhani ni kwa sababu korosho zimelipwa na watu wana hela mkononi, ukizunguka Mtwara mjini unaona kabisa gari nyingi zimebadilishwa miguu. Nimechukua maswali manne. La kwanza nalijibu kirefu kwa sababu ndo lenye hela nyingi ya kupotea, na pia ndo lenye hatari.

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Nina Premio, kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna stika imeandikwa 195/65R15. Nimeagiza rimu za spoti kutoka Dar, inchi 17, upana 7J, nyuma zimeandikwa ET38, nati tano 5x100. Zimefika juzi na basi, nzuri balaa. Sasa muuza tairi ana 215/55R17 nne za mtumba wa Japani, bei poa, anasema inchi 17 ni inchi 17 tu zitakaa. Fundi wa hapa mtaani anasema zitagusa. Nimsikilize nani? Mimi natembea mjini hapa, na karibu kila wikendi naenda Masasi kwa wazee. (Msomaji, Chuno, Mtwara)

JIBU: Mdogo wangu hongera kwa rimu, na umefanya jambo la maana kuuliza kabla hujatoa hela ya tairi, maana wengi wananitafuta tairi zikiwa zishachanwa na fenda. Msikilize fundi wa mtaani kwako, yuko sahihi.

Huyo muuzaji hajadanganya kwamba tairi litaingia kwenye rimu, litaingia vizuri tu. Tatizo ni kwamba inchi 17 ni kipimo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu, wakati gari yako ilitengenezwa kwa kuangalia urefu wa tairi zima, kutoka lami mpaka juu kabisa. Chukua simu upige hesabu na mimi. Kwenye 195/65R15, ile 195 ni upana kwa milimita. Ile 65 watu wengi wanadhani nayo ni milimita, hapana, ni asilimia, yaani ubavu wa tairi una kimo cha asilimia 65 ya 195, ambayo ni kama milimita 127. Ubavu uko juu na uko chini, kwahiyo mara mbili unapata 253.5. Rimu ya inchi 15 zidisha kwa 25.4 unapata 381. Jumlisha, tairi lako la kiwandani lina kimo cha milimita 634.5.

Sasa hilo la muuzaji, 215/55R17: ubavu ni 118 na kidogo, mara mbili 236.5, rimu ni 431.8, jumla 668.3. Limezidi milimita karibu 34, zaidi ya asilimia 5. Mimi mteja wangu simruhusu azidi asilimia 3, na nikipata ndani ya 2 ndo nalala usingizi. Ukifunga hilo, juu ya tairi linasogelea fenda milimita 17 hivi, ukiwa peke yako kwenye lami laini unaweza usisikie kitu, lakini siku umepakia watu wanne na mizigo ya wazee halafu ukakunja usukani wote kwenye tuta utasikia linasugua, na linaposugua ni ubavu au plastiki ya ndani ya fenda ndo inaliwa. Na spidi mita inaanza kukupunja, dashibodi inakuonyesha 50 kumbe uko karibu 53, inakuonyesha 100 uko 105. Vijiji vya njia ya Masasi vina vibao vya 50 na tochi za trafiki zinakaa kule, unajua mwenyewe.

Kwa rimu zako kuna saizi tatu za kufikiria. 225/45R17 ina kimo cha 634.3, yaani imelingana na ya kiwandani kabisa, ila inakubali rimu kuanzia 7J (yaani upana wa inchi 7) mpaka 8.5J, kwahiyo kwako itakaa kwenye ukingo wa chini, inafaa lakini inakuwa imevimba kidogo kwa pembeni. 215/45R17 ina 625.3, inakaa vizuri ila ni fupi na ubavu wake ni milimita 97 tu. 215/50R17 ina 646.8, imezidi asilimia 1.9, inakubali rimu ya 6J mpaka 7.5J, na ubavu wake ni 107.5.

Kabla hujachagua angalia namba nyingine inayokuja baada ya saizi, mfano 91V. Hii wengi wanairuka na mimi inaniuma sana kwa sababu ndo namba inayobeba familia yako. 91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615. Tairi za 195/65R15 nyingi ni 91. Sasa 215/45R17 za kawaida zinakuja na 87, ambayo ni kilo 545. Unaona hapo, umeweka tairi pana zaidi, linaonekana na nguvu, kumbe kila mguu umepoteza kilo 70. Ukipakia gari ikajaa, ukaenda Masasi saa nane mchana lami inawaka, tairi linachemka na tairi likichemka linapasuka. Zipo 215/45R17 za XL, yaani zilizoongezwa nguvu ya kubeba, zenye 91, hizo sawa, ila XL inataka upepo wa juu kidogo ili ibebe huo mzigo ilioandikiwa. Herufi inayofuata ni spidi, T ni 190, H ni 210, V ni 240, hapo huna shida, usishuke tu chini ya herufi ya kwenye tairi za kiwandani.

Kwa matembezi yako mimi nakushauri 215/50R17 yenye 91, kwa sharti kwamba utapima nafasi kwanza, nitakwambia jinsi. Ikigoma nenda 225/45R17 ya 91. Sababu ya kupenda 50 kuliko 45 ni ubavu. Miaka ya nyuma nilikuwa na gari nimeifunga 18 za profaili 40, nikawa najiona kweli kweli, usiku mmoja natoka Mnazi Mmoja hii ya Lindi naelekea Mtama, nina abiria wawili, nikapiga shimo moja tu, sikuwa hata kwenye spidi kubwa. Gari ikaendelea, nikasema nimepona. Asubuhi nikainama kuangalia, ubavuni kwa ndani kuna nundu kama nusu ya yai la kuku, nikiligusa lina ulaini kama tunda lililoiva, na mdomo wa rimu umekunjika. Nyuzi za ndani zilikuwa zishakatika, pale kilichobaki kinazuia upepo ni mpira mtupu. Nimetoka nalo usiku kucha na watu ndani. Tangu siku hiyo ubavu wa tairi nauhesabu kama shokapu ya kwanza ya gari, barabara zetu za Kusini na haya malori ya saruji na mizigo ya bandarini zinautaka. Ungeniuliza kabla hujanunua rimu ningekwambia chukua inchi 16 ufunge 205/55R16, kimo ni 632, ubavu karibu 113, gari inapendeza na mgongo wako unapona. Ila rimu zishafika, twende nazo.

Sasa kupima. Hiyo ET38 ni ofseti, inaonyesha pale rimu inapogusana na habu pako mbali kiasi gani na katikati ya upana wa rimu. Namba ikiwa ndogo rimu inatoka nje zaidi. Angalia nyuma ya rimu zako za zamani, tuseme zimeandikwa 6J ET45, basi mpya itatoka nje milimita kama 20 na itaingia ndani kama 6. Kwahiyo funga rimu moja na tairi moja mbele, shusha gari chini, ingiza watu wazima wanne, kunja usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, mtu mwingine achungulie na tochi ya simu: fenda, plastiki ya ndani, na nyuma ya tairi kwenye shokapu. Kidole kimoja cha mtu mzima kipite kila mahali. Ukimaliza mbele hamia nyuma. Muuza tairi akikataa kukufungia moja la majaribio, tafuta mwingine.

Vitu viwili vidogo vya mwisho, hivi ndo vinaleta ugonjwa wa usukani kutetemeka ukifika 80 mpaka 100, na watu wanazunguka na balansi mara tano haiponi. Toyota yako tundu la katikati la habu ni milimita 54.1. Rimu za spoti nyingi zinatobolewa tundu kubwa, 73.1 ndo ya kawaida, ili zikae kwenye gari nyingi. Ule uwazi unatakiwa ujazwe na ringi ya kati, ya plastiki ngumu au ya alumini, 73.1 kwa nje na 54.1 kwa ndani, bila hiyo rimu inaning'inia kwenye nati tu na haikai katikati. Pima tundu la rimu zako ndo ununue ringi. Cha pili ni nati zenyewe. Chukua nati ya rimu za kampuni uiweke kwenye kiganja, nyingi za Toyota zina shingo nyembamba na washa bapa. Sasa chungulia tundu la nati kwenye rimu mpya, kuta zake zimelala kama faneli, hapo inatakiwa nati ya koni. Ukifunga ya washa kwenye tundu la faneli inagusa kwa ukingo tu, inalegea njiani. Uzi ni M12x1.5, nunua 20 za koni, kaza kwa mtindo wa msalaba, nati moja halafu ya upande wa pili, kwa nguvu ya kampuni ambayo ni nyutoni mita 103, usimwachie mtu mwenye bomba refu akaze mpaka aishiwe pumzi. Ukienda Masasi mara ya kwanza, simama Mtama uzikague tena. Na hizo nati za zamani usitupe, kama spea tairi yako bado ni rimu ya kiwandani kaa nazo kwenye buti.

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua gari imetoka Japani ina mwezi wa nne sasa, tairi ilizokuja nazo zina kashata (yale meno ya mpira) nyingi bado, lakini mbele zinaisha haraka ajabu na mvua ikinyesha inateleza kwenye kona ya kushuka mjini. Nilitaka nihamishie hizi hizi kwenye rimu mpya za saizi ile ile. Sawa au niachane nazo? (Dada wa Mtanda, Lindi)

JIBU: Marahaba dada yangu. Nenda ukasome ubavu wa hizo tairi, naamini utakuta neno STUDLESS, au mchoro mdogo wa mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Hizo ni tairi za baridi. Ukiangalia kashata moja moja kwa karibu utaona zina mikato myembamba kama imechorwa kwa wembe, mingi sana, ile kazi yake ni kung'ang'ania theluji na barafu. Mpira wake wameutengeneza ubaki laini hata kwenye baridi kali, sasa umeuleta Lindi kwenye lami ya mchana ambayo huwezi kuikanyaga peku, unakuwa laini kupita kiasi, unaliwa kama kifutio, na kwenye maji ya mvua kashata zinayumba badala ya kushika.

Usizihamishie kwenye rimu mpya. Najua inauma kwa sababu kwa macho zinaonekana bado, lakini utalipa fundi kuvua na kufunga na balansi, baada ya miezi utalipa tena. Kama hela haijakaa sawa anza na mbili, mpya au zilizotumika za kawaida, ila mbili hizo zifungwe nyuma zote, sio moja mbele moja nyuma, na hata kama gari inavuta kwa mbele tairi nzuri zaidi zikae nyuma, maana nyuma ikiteleza kwenye mvua gari inazunguka na huna la kufanya. Kama gari yako ni ya kuvuta miguu yote usichanganye, subiri upate nne. Na ukienda kununua zilizotumika tafuta neno DOT, fuata mpaka namba nne za mwisho. Ikiwa 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Kunja ubavu na kidole gumba, ukiona vinyufa vidogo vidogo kama tope lililokauka, rudisha.

SWALI: Fundi mambo. Mimi ni mnunuzi wa korosho, nina Hailaksi ina 265/70R16, msimu mzima niko Newala na Tandahimba vijijini kwenye mchanga, mizigo nyuma. Nataka rimu nyeusi na tairi kubwa za kashata za matope, nimeona 285/75R16 kwa jamaa zinatisha. Zitakaa? (Msomaji, Newala)

JIBU: Poa kaka. Kwa kimo cha gari yako zimezidi sana: hiyo uliyonayo ni milimita 777, hiyo unayoitaka ni 834, ni zaidi ya asilimia 7. Bila kunyanyua gari itasugua, na hata ukinyanyua, gia zinakuwa nzito maana kila mzunguko mmoja wa tairi injini inasukuma umbali mrefu zaidi, breki nazo zinafanya kazi ya ziada, na wewe unashuka kutoka Newala na mzigo wa korosho nyuma. Ile miteremko ya kutoka juu ya uwanda unaijua kuliko mimi. Dashibodi ikisoma 80 uko karibu 86.

Alafu kuna hili la mchanga. Kashata kubwa za matope zimetengenezwa zichimbe, kwenye tope ni sawa, zinachimba mpaka zifike pagumu. Kwenye mchanga wenu wa kule hakuna pagumu karibu, zinachimba zinajizika. Mchanga unataka tairi lielee. Kwahiyo chukua saizi yako ile ile 265/70R16 ya AT, zile za nusu lami nusu vumbi, na uhakikishe zimeandikwa LT mwanzoni, hizo zina tabaka ngumu za kubebea mzigo. Namba ya mzigo utaiona mbili, mfano 112/109, ya kwanza ndo yako, 112 ni kilo 1120 kwa tairi moja, ya pili ni kwa gari zenye tairi pacha. Na hapo usisahau rimu yenyewe, hizo rimu nyeusi za kupendeza zina namba ya mzigo nyuma au kwa ndani kwenye miguu yake, za gari ndogo zikifungwa kwenye pikapu zinapasuka. Ikikosekana namba usinunue.

Ukizama na gari haina mzigo, toa upepo mpaka psi 20 hivi, utashangaa inavyotoka yenyewe, endesha taratibu usikate kona kwa nguvu. Ukiwa na mzigo usishuke hivyo, pakua kwanza gunia kadhaa. Na ukigusa lami tu jaza tena, tembea na pampu ya kuchomeka kwenye betri, upepo mdogo kwenye lami na mzigo ndo unaua tairi ndani ya safari moja.

SWALI: Shikamoo mzee. Rimu zangu za spoti nilinunua zilizotumika, kila asubuhi mguu mmoja umepungua upepo na hakuna msumari. Fundi pancha amenishauri niweke tyubu ndani. Niweke? (Kijana wa Mikindani)

JIBU: Marahaba mwanangu, usiweke. Tairi la tyublesi lenye ubavu mfupi ukiliwekea tyubu, tyubu inasuguana na ndani ya tairi, joto linapanda, na siku ikitobolewa inatoa upepo wote kwa mara moja wakati tyublesi ingevuja taratibu ukapata muda wa kusimama. Wewe unaishi pembeni ya bahari, chumvi inakula alumini. Livue hilo tairi, chini kwenye mdomo wa rimu pale tairi linapolalia utakuta unga mweupe na rangi imebanduka kama magamba, upepo unapita hapo. Mwambie fundi asugue kwa brashi ya waya kisha msasa laini mpaka alumini ing'ae na iwe laini ukipitisha ukucha, apake dawa ya kuziba mdomo wa rimu, abadilishe na valvu kwa sababu mpira wake nao unazeeka. Akishajaza upepo amwage povu la sabuni kuzunguka rimu yote pande mbili, na kwenye valvu. Kama povu linachemka katikati ya rimu yenyewe, mbali na mdomo, basi hiyo rimu ina ufa, na mwenye kuichomelea akikuambia itapona mwambie asante, kanunue nyingine yenye namba zile zile.